Mwanafunzi wa Chuo na Shahada ya Kura

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baad.

Swali lililotufanya tuandike makala haya tuliulizwa msikitini, hapa Mombasa, baada ya darsa ya Isha. Aliyeuliza ni kijana wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha bara, aliyekuwa amerudi kwao likizo. Alisubiri mpaka watu wakatawanyika, akasogea, akatuamkia, kisha akasema: "Sheikh, kule chuoni tumegawanyika. Baadhi ya wenzangu katika jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu wanasema kujiandikisha kupiga kura ni kuridhia hukumu isiyokuwa ya Mwenyezi Mungu. Wengine wanasema si haramu, lakini ni kupoteza wakati, maana wanasiasa ni wale wale. Mimi kitambulisho ninacho. Watu wa tume walikuja na mashine zao mpaka langoni, nikawapita nikenda zangu. Je, nina dhambi?"

Hatukumjibu usiku ule. Tulimwambia arudi Alhamisi. Sababu moja ni kwamba swali la namna hii halijibiwi kwa neno moja la halali au haramu. Sababu ya pili ni nzito zaidi kwetu: katika miaka ya tisini sisi wenyewe tulikuwa tukiwaambia wanafunzi wetu wajitenge na mambo hayo, washike vitabu vyao, na waliotusikiliza walikuwa wengi. Mwenye kutoa jibu leo lililo kinyume na jibu lake la jana yampasa aeleze ni kitu gani kilichombadilisha. Tutaeleza, inshaallah.

Kijana aliyegongewa mlango usiku

Tuanze na tukio la Madina ambalo kila mwanafunzi wa madrasa amelisoma, ila wengi hulipita haraka. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipochomwa kisu mwishoni mwa mwaka wa 23 Hijria, aliliacha jambo la ukhalifa mikononi mwa Masahaba sita: Uthman, Ali, Talha, Zubeir, Saad bin Abi Waqqas na Abdurrahman bin Auf, Mwenyezi Mungu awaridhie wote. Abdurrahman alijitoa katika kuutaka ukhalifa ili awe mwenye kutafuta rai za watu. Siku tatu na masiku yake alizunguka akiuliza.

Imamu Bukhari amepokea habari za usiku wa mwisho kutoka kwa Miswar bin Makhrama. Miswar anasimulia kwamba Abdurrahman alimjia usiku umekwisha kuingia, akagonga mlango mpaka akaamka, akamwambia kuwa anamuona amelala ilhali yeye masiku matatu hayo hakupata usingizi ila kidogo. Akamtuma awaite Zubeir na Saad, akashauriana nao. Kisha akamtuma kwa Ali, akazungumza naye hadi usiku ukawa mkubwa. Kisha akamtuma kwa Uthman, na mazungumzo yao yakakatwa na muadhini wa Alfajiri. Asubuhi ile, mbele ya Muhajirina na Ansari na majemadari wa majeshi, akatangaza kwamba ametazama katika rai za watu na hakuwaona wakimlinganisha yeyote na Uthman.

Na huyo Miswar alikuwa nani? Alikuwa mpwa wa Abdurrahman, mtoto wa dada yake, aliyezaliwa mwaka wa 2 baada ya Hijra. Hebu mpigie hesabu. Usiku ule umri wake ulikuwa miaka ishirini na moja au ishirini na mbili, yaani umri wa mwanafunzi anayemaliza mwaka wa tatu chuo kikuu. Alikuwa amelala, akaamshwa kwa ajili ya jambo la umma, akatoka kwenda kubisha milango ya wakubwa. Lau si yeye, huenda tusingepata sisi leo habari za usiku ule kwa sanadi ya Bukhari.

Ibn Kathir katika al-Bidaya wan-Nihaya ameongeza kwamba Abdurrahman aliwauliza hata wanawake ndani ya sitara zao, na wasafiri na mabedui waliofika mjini, na hata vijana wadogo katika makatib. Riwaya hii haina nguvu ya ile ya Bukhari, na hatutaijengea hukumu peke yake. Lakini wanavyuoni wameipokea na kuitaja katika kueleza upana wa shura ile. Na sisi watu wa pwani tunayo bahati katika lugha yetu: maktab ndiyo tunayoiita chuo. Tukiisoma habari hiyo kwa Kiswahili chetu tutasema kwamba waliulizwa mpaka watoto wa vyuoni. Basi ikiwa mtoto wa chuo aliyeshika lauhi aliulizwa rai yake kuhusu Uthman na Ali, vipi mwanafunzi wa chuo aliyekwisha baleghe, mwenye elimu ya sheria au uhasibu au udaktari, ajione kwamba jambo la uongozi halimhusu?

Na tabia hiyo Sayyidna Umar ndiye aliyeiweka. Ibn Abbas (r.a.) anasimulia, na habari imo katika Bukhari, kwamba watu wa baraza la Umar na washauri wake walikuwa ni wasomi wa Qur'ani, wazee kwa vijana. Ibn Abbas mwenyewe alikuwa akiingizwa pamoja na wazee waliopigana Badr, na baadhi yao wakaona vibaya kwamba kijana wa rika la watoto wao aketi nao. Umar akawauliza wote maana ya Suratun-Nasr, na jibu la kijana ndilo alilolishika.

Kura ni nini katika fiqhi

Wanafunzi wengi hutaka dalili yenye neno "kura", wasipoipata husema hakuna dalili. Huo si mwendo wa fuqahaa. Jambo jipya hutazamwa uhakika wake, kisha likarejeshwa kwenye mlango wa fiqhi linaofanana nao. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistani, mwenye tafsiri ya Maariful-Qur'an, ameitazama kura akaona ina sura tatu: ni shahada, kwa kuwa mpiga kura anashuhudia kwamba fulani anafaa kazi hii, ni shafaa, kwa kuwa anamuombea apewe, na ni wakala, kwa kuwa anamfanya awe naibu wake katika mambo ya watu wote. Sheikh Yusuf al-Qaradawi naye, katika kitabu chake juu ya fiqhi ya dola, ameifanya kuwa ni shahada, na akamtaka mpiga kura awe na sifa za shahidi.

Sisi tunaona kwamba sura ya shahada ndiyo iliyo wazi zaidi, na ndiyo inayomfika mwanafunzi moyoni, kwani yeye yuko chuoni akiitafuta shahada ya kuning'iniza ukutani, na hii nyingine aliyokwisha kubebeshwa haioni.

Ukikubali kwamba kura ni shahada, hukumu nyingi zinafuata zenyewe. Suratul-Baqara, aya ya 282, imewakataza mashahidi wasikatae wanapoitwa, na aya inayofuata imekataza kuficha ushahidi na kusema kwamba mwenye kuuficha moyo wake una dhambi. Suratun-Nisaa, aya ya 135, imeamrisha ushahidi wa haki hata kama utakuwa juu ya nafsi zetu, au wazazi, au jamaa wa karibu. Kwa hiyo kumpa mtu kura kwa kuwa ni wa kabila letu au wa mtaa wetu tu, na tunajua hafai, ni ushahidi wa uongo. Na ushahidi wa uongo ndio ule ambao Mtume (s.a.w.) alipoutaja katika madhambi makubwa alikuwa ameegemea, akaketi, akawa anaukariri mpaka Masahaba wakatamani lau angenyamaza.

Hapo huja hoja ya wanafunzi wenye kufikiri, na ni hoja nzuri: "Shahidi hashuhudii ila analolijua. Mimi wagombea siwajui, basi kunyamaza si ndiyo salama yangu?" Tunasema: ni kweli kwamba asiyejua haruhusiwi kushuhudia. Lakini kuna asiyejua kwa kuwa hana njia ya kujua, na kuna asiyejua kwa kuwa hakutaka kujua. Mwanafunzi ambaye ana simu mkononi, anayejua habari za kila mchezaji wa mpira wa Uingereza na bei aliyonunuliwa, hawezi kusema mbele ya Mola wake kwamba hakuwa na njia ya kujua mwakilishi wa wadi yake amefanya nini kwa miaka mitano. Huyo wajibu wake ni kuuliza, kisha kushuhudia. Na akiuliza kwa bidii, akaona wote mizani yao ni moja katika ubaya, atazame aliye na madhara madogo, kwa kanuni ijulikanayo ya kuchukua dhara nyepesi kati ya mbili.

Hatusemi kwamba kura ni fardhi aini kama Swala. Tunasema kuwa asili yake imo katika siyasa sharia, hukumu yake hufuata maslahi na madhara ya mahali na wakati. Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, katika kikao chake cha 19 mwezi Novemba 2007, lililizungumzia jambo la Waislamu kushiriki uchaguzi pamoja na wasiokuwa Waislamu katika nchi zisizokuwa za Kiislamu, na likapita njia hiyo hiyo: hukumu inakwenda na mizani ya maslahi na madhara, na yafaa kwa masharti, miongoni mwayo kwamba mshiriki akusudie kuleta manufaa na kuzuia madhara. Hapa kwetu Kenya, sisi tunaona ni fardhi kifaya ambayo hatujaitosheleza. Na kifaya isiyotoshelezwa dhambi yake huenea kwa kila aliyeweza akakaa.

Ama wale wanaosema ni kuridhia hukumu ya asiyekuwa Mwenyezi Mungu, hatuwadharau. Wengi wao ni vijana wenye ghera ya dini. Tunawauliza tu: Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba awekwe juu ya hazina za Misri, kama ilivyo katika sura yake aya ya 55, je, aliiridhia dini ya mfalme? Na Izzuddin bin Abdis-Salam, sultani wa maulamaa, aliyefariki mwaka wa 660 Hijria, alipoandika katika Qawaidul-Ahkam kwamba makafiri wakilitawala eneo kubwa, wakampa ukadhi mtu anayesimamisha maslahi ya Waislamu, basi lililo dhahiri ni kuwa hukumu zake zipitishwe, je, aliiridhia tawala yao? Aliogopa maslahi ya watu wote yasipotee.

Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu ni wa hapa hapa Afrika. Masahaba waliohamia Habasha walikuwa wachache ndani ya ufalme wa Kinasara. Akatokea mtu wa kumpinga Najashi na kuutaka ufalme wake. Ummu Salama (r.a.), katika riwaya ya Ibn Is'haq, anasema hawakupata kuhuzunika huzuni kubwa kuliko ile, kwa kuchelea kwamba atashinda mtu asiyeijua haki yao kama alivyoijua Najashi. Wakamuomba Mwenyezi Mungu ampe Najashi ushindi. Kisha wakaulizana nani atakwenda kuangalia mambo yatakavyokuwa. Akajitokeza Zubeir bin Awwam, naye alikuwa miongoni mwa wadogo wao kwa umri. Wakampulizia kiriba, akakiweka kifuani, akauogelea mto Nile mpaka ng'ambo walikokutana majeshi, na ndiye aliyerudi akipunga nguo yake kuwapa bishara. Hawakusema kwamba wafalme wote ni wamoja. Walijua tofauti ya mtawala na mtawala, na kijana wao akaingia majini kwa ajili ya kujua. Na ndiye huyu huyu Zubeir tuliyemtaja katika wale sita wa Umar.

Kilichotubadilisha sisi

Tuliahidi kueleza. Mahakama za Kadhi katika pwani hii ni za kale kuliko serikali ya Kenya. Mkataba wa 1895 baina ya Sultani wa Zanzibar na Waingereza uliziacha, na mwezi Oktoba 1963, katika barua walizoandikiana Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, kuendelea kwake kulipewa ahadi. Sisi tuliozaliwa baada ya hapo tulizikuta, tukadhani ziko kama bahari ilivyoko: hakuna mwenye kuziondoa.

Ulipokuja mjadala wa katiba mpya ndipo tulipozinduka. Makanisa mengi yalisimama kupinga Mahakama za Kadhi kuwemo katika Katiba. Mwezi Mei 2010, miezi michache kabla ya kura ya maoni, majaji watatu wa Mahakama Kuu walitoa hukumu kwamba kuwekwa kwake katika Katiba iliyokuwapo hakukuwa halali. Ndoa zetu, talaka zetu na mirathi yetu vilikuwa vinangoja idadi ya vikaratasi katika masanduku. Na sisi tulikuwa tumewalea wanafunzi kwa zaidi ya miaka kumi tukiwaambia vikaratasi hivyo haviwahusu.

Mwezi huo alitujia mwanafunzi wetu wa zamani, wakati huo akisomea sheria, akatuomba tuwatangazie watu baada ya Ijumaa wajitokeze. Tulimuuliza kwa nini asiombe imamu mwengine. Akajibu kwa adabu: "Sheikh, wewe ndiye uliyetuambia tusiende. Nani mwengine atatuambia twende?" Tulitangaza. Tarehe 4 Agosti 2010 tulisimama foleni tangu Alfajiri, na Katiba ikapita kwa takriban asilimia 67. Kifungu cha 170 kimo humo hadi leo: Kadhi Mkuu na makadhi wengine wasiopungua watatu, na mamlaka katika hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi baina ya watu ambao wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa huko.

Wala mambo hayakwisha hapo. Mwezi Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya mirathi ya Muislamu, kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wa baba yao kwa sababu hiyo. Maulamaa wengi wamehuzunika, na hukumu yenyewe inataka makala ya peke yake. Tunalolitaja hapa ni dogo. Hoja katika mahakama zile hutolewa na mawakili, vifungu vya Katiba husomwa na majaji, sheria hutungwa na wabunge, na hao wote wamepitia chuo. Kulalamika barazani baada ya hukumu kusomwa ni rahisi. Kumtoa kijana wa Kiislamu aliyeijua fiqhi ya mirathi na Katiba pamoja, akasimama pale kabla ya hukumu, ni kazi ya miaka ishirini, nayo huanza na mwanafunzi anayeamini kwamba mambo ya nchi yanamhusu.

Tulivyofanya tangu hapo

Lau tungeendelea na moyo wa 2010 tusingekuwa na haja ya kuandika. Katika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, waliojiandikisha nchi nzima walikuwa 22,120,458, na vijana wa miaka 18 hadi 34 hawakufika asilimia 40 yao. Idadi yao ilikuwa imepungua kuliko ya 2017, ingawa vijana wenyewe wameongezeka. Kabla yake, Oktoba na Novemba 2021, tume ya uchaguzi ilitarajia kuandikisha watu wapya milioni 6, ikapata kama milioni moja na nusu. Na siku ya kura yenyewe, Mombasa, mji wa Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, haikufika nusu ya waliojiandikisha. Sheikh huyo alitoa Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, akiwakemea Waislamu kwa usingizi wao katika elimu na mambo ya umma, miaka kabla ya kuwa Kadhi Mkuu. Tunaona haya kumtaja na hesabu hiyo pamoja.

Zipo sababu, na si haki kuwalaumu vijana peke yao. Wapo waliosikia tangu utotoni kwamba Pwani si Kenya, na mwaka 2013 walikuwapo walioitisha uchaguzi ususiwe kabisa. Wapo waliozungushwa miaka kwa kitambulisho, wakitakiwa vyeti vya babu na bibi, na hasa ndugu zetu wa kaskazini mashariki, mpaka uchunguzi ule wa ziada ulipotangazwa kuondolewa mwezi Februari 2025. Na wapo walioyaona ya Juni 2024, vijana wenzao walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, wengine wakapoteza maisha, na mswada ukaondolewa. Wakasema, kumbe barabara ina nguvu kuliko sanduku. Tunawaambia kwamba mswada ule ulipigiwa kura na wabunge, na wabunge wale waliingia kwa sanduku. Aliyekosekana kwenye foleni mwaka 2022 akaja kuhatarisha roho yake mwaka 2024 amechagua njia ya mbali na yenye damu, ilhali ya karibu ilikuwa wazi.

Ama neno "kura yangu moja haibadilishi kitu", tofauti baina ya wa kwanza na wa pili katika urais wa 2022 ilikuwa kura 233,211, na waliojiandikisha wakakaa majumbani walizidi milioni 7. Lakini hata lau tofauti ingekuwa kubwa mno, shahidi haulizwi kama ushahidi wake ulishinda kesi. Anaulizwa kama aliutoa.

Hongo na bahasha ya msikitini

Jambo hili tulitaje kwa uwazi, kwani wanafunzi wana shida ya karo na pango, na wanasiasa wanalijua hilo. Katika hadithi ya Abu Huraira (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mmoja wa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu hatawasemeza Siku ya Kiyama wala kuwatazama ni mtu aliyempa kiongozi bai'a kwa ajili ya dunia tu: akipewa anatimiza, asipopewa hatimizi. Hatujui maelezo yaliyo wazi kuliko haya juu ya mwenye kuuza kura. Baadhi ya vijana hutuuliza kama inafaa kuchukua pesa ya mgombea kisha wampigie wanayemtaka. Jibu letu ni kwamba umekusanya mawili: umekula rushwa na umesema uongo.

Na sisi maimamu tusijifiche nyuma ya vijana. Mgombea akija Ijumaa ya mwezi wa Julai na bahasha ya kupaka rangi msikiti, naye miaka mitano hatukumuona safuni, twajua alichokuja kununua. Mimbari itangaze siku za kujiandikisha, iwaeleze watu uzito wa shahada, iwaonye na hongo na ukabila. Isitaje jina la mtu. Imamu anayetaja jina la mgombea kwenye hutuba ameigawanya safu yake mwenyewe, na Jumaa inayofuata ataisalisha nusu.

Mambo ya kutenda

Uandikishaji wa wapiga kura ulirejeshwa tarehe 29 Septemba 2025, na uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, inshaallah. Kinachotakiwa ni kitambulisho au pasipoti, na umri wa miaka 18. Lakini mwanafunzi azingatie jambo moja linalowapotezea wengi kura zao: mtu hupiga kura katika kituo alichojiandikisha tu. Kijana wa Lamu akijiandikisha Eldoret kwa kuwa mashine zimekuja chuoni, na Agosti imemkuta kwao kwa likizo, shahada yake imebaki Eldoret. Basi kabla ya kuweka kidole, ajiulize siku hiyo atakuwa wapi. Na aliyekwisha kujiandikisha pasipofaa aombe kuhamishwa wakati uandikishaji ungali wazi. Jumuiya za wanafunzi zinaweza kuwakumbusha watu wao hili kwa dakika tano baada ya Swala.

Na kura ni siku moja katika miaka mitano. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi yake, na cha 196 kinayataka mabaraza ya kaunti yafanye vivyo hivyo. Kabla ya bajeti ya kaunti kupitishwa huitwa mikutano ya kutoa maoni. Tumehudhuria baadhi yake. Viti vingi huwa vitupu, na wanaokuja ni wazee ambao makabrasha ya hesabu huwatisha. Mwanafunzi mmoja wa uhasibu angeuliza katika mkutano ule kwa nini fedha za basari za wadi zimepungua, angewafaa watu kuliko hutuba zetu kumi. Na dada zetu wanafunzi wasibaki nyuma kwa hoja ya haya, kwani tumekwisha taja kwamba Abdurrahman alibisha mpaka kwenye sitara zao.

Wanaochukia matokeo wasitoke na panga. Maafa ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, yaliyoua watu zaidi ya elfu moja, yanatosha kuwa onyo. Mzozo una hakimu wake. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu iliufuta uchaguzi mzima wa urais.

Yule kijana alirudi Alhamisi kama tulivyoagana. Tukamwambia kwamba hatumhukumii dhambi kwa kuwapita watu wa tume siku ile, kwa kuwa alikuwa na shaka na hakupata wa kumuuliza. Ama sasa amekwisha kuuliza. Akatutajia nduguye anayesoma Madina, akataka kujua hukumu yake. Tukamjibu kwamba Mkenya aliye nje hupiga kura ya urais tu, na pale tume ilipoweka vituo. Mwaka 2022 viliwekwa katika nchi 12, Qatar na Falme za Kiarabu zikiwemo, lakini Saudia haikuwemo wala Misri. Asiyewekewa kituo ana udhuru, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Hata hivyo anaweza kuwaandikia wa nyumbani, na wanafunzi wa Madina husikilizwa makwao.

Wallahu aalam.